Ushabiki wa Sinema na Muziki wa Gitaa kati ya Maniema na Pwani

1.0 Utangulizi

Mji wa Kasongo, kusini mwa Maniema, hutajwa katika historia ya Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, ulikuwa ngome ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, na ya jamaa zake, hadi ulipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi wa Aprili 1893. Pili, Kasongo ni miongoni mwa vitovu ambamo Kiswahili cha bara, kilichoitwa Kingwana, kilitia mizizi na kusambaa katika mashariki ya Kongo. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu pembe za ndovu, utumwa, dini na lugha vilivyosafiri kwenye njia hiyo ya Kasongo, Ujiji, Tabora na pwani. Jambo ambalo halipewi uzito unaostahili ni kwamba njia hiyohiyo ilipitisha pia starehe: ngoma, mavazi ya ngoma, nyimbo, na baadaye santuri, magitaa na wanamuziki wenyewe.

Makala haya yanachunguza upande mmoja wa historia hiyo, yaani ushabiki wa sinema na wa muziki wa gitaa katika karne ya 20, pamoja na mijadala iliyouzunguka. Shabiki hapa si mtazamaji au msikilizaji tu. Ni mtu aliyechagua upande, anayeutetea kwa maneno, kwa mavazi na pengine kwa ngumi. Lugha yenyewe inakiri kwamba jambo hili lina sura mbili. Mtu akisema yeye ni shabiki wa bendi fulani, hujivunia uaminifu wake. Lakini akimwambia mwenzake aache ushabiki, humshutumu kwa upendeleo unaopofusha macho. Kati ya maana hizi mbili ndimo mabishano yote yatakayojadiliwa hapa yalimotokea.

Hoja ya makala ni kwamba serikali za kikoloni, misioni na hata serikali za uhuru ziliukabili ushabiki zikiwa na dhana moja iliyokosewa: kwamba kuona ni kuiga, na kusikia ni kutii. Ushahidi unaonyesha kinyume. Watazamaji na wasikilizaji walikuwa tayari na desturi yao ya kulinganisha, kushindanisha na kuhukumu, na mambo mageni yaliingizwa katika desturi hiyo. Ugomvi haukuwa juu ya sinema au roki hasa. Ulikuwa juu ya nani mwenye haki ya kuhukumu starehe za watu.

2.0 Pande Mbili: Urithi wa Beni

Kabla ya sinema kufika, miji ya Waswahili ilikuwa na desturi ya mashindano ya ngoma. Mtaa ulijipanga dhidi ya mtaa, kila upande na watunzi wake, sare zake, viongozi wake na wafuasi wake. Ushindi ulipimwa kwa ubora wa utungo, kwa wingi wa watu na kwa ukarimu wa karamu. Ngoma ya Beni, aliyoichunguza Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975, ilitokana na desturi hiyo. Ilizuka katika pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaazima tarumbeta, gwaride na vyeo vya kijeshi vya Wazungu. Mombasa ilikuwa na Kingi na Scotchi. Tanganyika, kwa upande wake, ilikuwa na Marini na Arinoti.

Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyoifungulia Beni milango ya bara. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kongo ya Kibelgiji liliingia Tabora. Askari na wapagazi wa pande zote waliishi pamoja makambini, na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kuelewana. Vita vilipokwisha, Beni ilionekana pia katika mashariki ya Kongo, na ilipofika miaka ya 1920 maafisa wa Kibelgiji walikuwa wakiitazama kwa wasiwasi. Walijiuliza: watu weusi wanaojipa cheo cha jenerali, gavana na mfalme, wanapanga nini?

Swali hilo ndilo mfano wa kwanza wa dhana iliyotajwa hapo juu. Afisa alimwona mchezaji aliyevaa kofia ya jenerali akadhani mchezaji huyo anataka kuwa jenerali. Mchezaji na jirani zake walijua vizuri kwamba kofia ile ni silaha ya mashindano, na kwamba anayeshindwa si serikali, bali upande wa pili wa mtaa. Hata hivyo haifai kusema kwamba mchezo huu haukuwa na maana yoyote ya kisiasa. Chama kinachoweza kukusanya michango, kuzika wafu wake na kupokea wageni kutoka mji wa mbali ni chama chenye nguvu, hata kama kimekusudiwa kucheza tu. Maafisa hawakukosea kuona nguvu hiyo; walikosea kudhani kwamba ilitokana na kuiga.

3.0 Sinema na Hofu ya Kuiga

Dhana hiyohiyo ilihamia kwenye sinema. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulifanyika mradi wa majaribio wa kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo. Filamu 35 zilitengenezwa, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, ambacho William Sellers alikuwa mmoja wa waasisi wake. Mafundisho ya Sellers yalikuwa kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda mbio au zinazotumia ujanja wa kamera. Kwa hiyo aonyeshwe picha za polepole, zenye jambo moja baada ya jingine.

Katika Kongo ya Kibelgiji, sheria ilikwenda mbali zaidi. Amri ya mwaka 1945 iliwazuia watu wasiokuwa wa asili ya Ulaya au Asia kuingia katika maonyesho ya sinema, isipokuwa yale yaliyopitishwa mahsusi na wakaguzi. Amri hiyo ilikuwa ya koloni zima. Ilimhusu kijana wa Kasongo kama ilivyomhusu kijana wa Léopoldville. Pengo lililobaki lilijazwa na idara ya habari ya serikali na misioni. Padri Alexandre Van den Heuvel aliongoza utengenezaji wa filamu za Kikatoliki huko Léopoldville. Padri Albert Van Haelst alifanya kazi hiyo Luluabourg. Na Bukavu, mji mkuu wa Kivu, jimbo ambalo wakati huo lilijumuisha Maniema, ilikuwa na Africa Films ya Padri De Vloo, wa shirika la Mapadri Weupe ambalo pia liliendesha misioni ya Kasongo.

Sera hizi zilisimama juu ya imani mbili zinazopingana. Mtazamaji wa Kiafrika alidhaniwa kuwa haelewi anachokiona. Papo hapo aliogopwa kwamba atakifuata chote. Kama haelewi, kwa nini azuiwe? Na kama anaelewa kiasi cha kuweza kufuata, kwa nini asiachiwe kuchagua? Hakuna amri iliyojibu maswali haya, kwa sababu amri zilitungwa na watu wasiokaa kwenye viti vya watazamaji.

Waliokaa kwenye viti hivyo walifanya jambo jingine kabisa. Katika Unguja, ambako majumba ya sinema yalimilikiwa na wafanyabiashara wa mjini na ambako watu wa rangi zote walinunua tiketi, utafiti wa Laura Fair, uliotolewa kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2018, umeonyesha jinsi filamu za Kihindi zilivyokuwa chanzo cha mazungumzo ya mjini. Filamu Awara ya mwaka 1951, iliyoongozwa na kuigizwa na Raj Kapoor pamoja na Nargis, ilipendwa kupita kiasi. Kisa chake kinahusu hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mwanawe mwenyewe anayeangukia katika wizi kwa kulelewa mitaani. Katika jamii ambayo kizazi chake cha wazee kilikuwa bado kinakumbuka utumwa, na ambayo swali la nani mwana wa nani liliamua ndoa na heshima, kisa hicho hakikuwa cha Bombay peke yake. Vijana walikitumia kubishana na wazazi wao juu ya nasaba, mapenzi na uchaguzi wa mchumba. Hawakutoka sinema wakiwa Wahindi. Walitoka wakiwa Waunguja wenye hoja mpya.

Lugha nayo imehifadhi alama za mabishano hayo. Shujaa wa filamu aliitwa stelingi, jina lililozaliwa kwenye vibao vya majina vya mwanzo wa picha, na mpinzani wake akaitwa adui. Kanuni iliyojulikana na kila mtoto wa mjini ni kwamba stelingi hafi. Kanuni hiyo ni uhakiki kamili kwa maneno mawili: inaonyesha kwamba watazamaji waligundua muundo wa hadithi, wakautarajia, na wakawa tayari kukasirika ulipokiukwa. Mtu anayejua kwamba stelingi hafi hawezi kusemwa kuwa amechanganya picha na maisha.

Mfano mwingine unatoka upande wa waigizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Tanganyika ilitengeneza filamu za Kiswahili za kuwaonya watu juu ya mambo ya mjini na kuwahimiza maendeleo. Mmojawapo wa waigizaji wakuu, aliyeonekana katika Muhogo Mchungu, alikuwa mtumishi kijana wa serikali aliyeitwa Rashidi Kawawa. Filamu ile ilimwonyesha mshamba anayepotezwa na mji. Mwigizaji hakupotea. Aliongoza chama cha wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sinema ya kikoloni ilikusudia kufundisha utii. Hapa ilimpa umma sura na sauti ya kiongozi wake wa baadaye.

4.0 Makauboi wa Léopoldville

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja ya makala haya linatoka Léopoldville. Katika miaka ya 1950, vijana wa vitongoji vya mji huo waliunda makundi yaliyoitwa Bana Bills, yaani watoto wa Bill, kwa kumfuata Buffalo Bill wa filamu za makauboi. Didier Gondola amewaeleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2016. Walivaa suruali za jinzi, mashati ya miraba na vitambaa shingoni. Waliipa mitaa yao majina kama Texas na Far West. Walizua hata lugha yao, Hindubill, iliyochanganya Kilingala, Kifaransa, Kiingereza na maneno ya kubuni. Je, si kweli basi kwamba kuona kulileta kuiga?

Jibu linahitaji uangalifu. Kwanza, wachujaji wa filamu walikuwa wakali kwa filamu zilizoonyesha Mzungu katika aibu au mwanamke wa Kizungu katika mapenzi, lakini filamu za makauboi zilionekana kuwa hazina hatari. Vijana wakachukua kile kilichodhaniwa kuwa salama wakakigeuza. Katika filamu ya Marekani, kauboi analeta sheria katika nchi isiyo na sheria. Katika vitongoji vya Léopoldville, ambako sheria ilikuwa kibali cha kuishi, marufuku ya kutembea usiku na kiboko cha polisi, kauboi akawa mtu asiyeomba kibali. Huo ni usomaji mwingine wa filamu, tena ulio kinyume na ule uliokusudiwa.

Pili, makundi hayo yalirithi umbo la pande. Texas ilipigana na Far West kama Kingi ilivyoshindana na Scotchi. Kilichobadilika ni hatari yake. Haifai kuwapamba Bana Bills: walipigana kikatili, na wasichana wa mitaa yao waliishi kwa hofu ya kubakwa na kutwaliwa kama ngawira. Uwezo wa kuhukumu filamu haukuwa sawa na uadilifu. Lakini ubaya huo haukutoka kwenye pazia la sinema. Ulitoka kwenye mji uliowanyima vijana kazi, shule na mamlaka yoyote, isipokuwa mamlaka juu ya walio dhaifu kuliko wao.

Tatu, tarehe 4 Januari 1959, ghasia zilipozuka Léopoldville baada ya mkutano wa chama cha Abako kuzuiwa, vijana wa vitongoji hivyo walikuwa mstari wa mbele. Miezi kumi na minane baadaye Kongo ilikuwa huru. Kama Beni, ushabiki wa makauboi ulikuwa umejenga mitandao, majina na ujasiri ambavyo serikali haikuvihesabu.

5.0 Roki, Twisti na Swali la Utamaduni

Roki iliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa sinema kabla ya mlango wa kumbi za dansi. Filamu Rock Around the Clock, iliyomwonyesha Bill Haley na bendi yake, ilitolewa mwaka 1956, na baada yake zilifuata filamu za Elvis Presley. Inafaa kukumbuka kwamba hofu haikuanzia Afrika. Katika miji kadhaa ya Uingereza vijana waliinuka vitini wakacheza kwenye vijia vya sinema, na baadhi ya mabaraza ya miji yakaipiga marufuku filamu hiyo. Wazee wa London na wazee wa Dar es Salaam walilalamika kwa maneno yanayofanana: nywele, suruali, viuno, na kutoheshimu wakubwa. J.A.K. Leslie, katika utafiti wake juu ya Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1963, aliwaona vijana wa mjini waliopenda mavazi ya kikauboi na mitindo ya sinema, akatambua kwamba kwao mavazi hayo yalikuwa njia ya kujitenga na ushamba.

Baada ya uhuru, malalamiko ya wazee yalipata lugha ya taifa. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Aliwauliza wasomi wa nchi yake kwa nini wanajua rumba, chachacha, twisti na roki, ilhali hawajui gombesugu wala lelemama. Katika hotuba hiyohiyo alionya pia kwamba taifa lisilokubali kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Waliomfuata walikumbuka sana nusu ya kwanza ya maneno yake kuliko nusu ya pili.

Mfano wa lelemama unafundisha zaidi ya ulivyokusudiwa. Margaret Strobel, katika utafiti wake wa mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha kwamba vyama vya lelemama vilishindana kwa pande, na kwamba viliazima sare na maandamano kutoka kwa ngoma zilizoiga majeshi ya Wazungu. Ngoma iliyotolewa kuwa kielelezo cha uasili ilikuwa yenyewe imekwisha kula na kusaga mambo ya kigeni. Haikupoteza uasili wake kwa kufanya hivyo; huo ulikuwa ndio uhai wake.

Twisti nayo haikubaki ilivyoingia. Nairobi, Daudi Kabaka aliisuka upya kwa gitaa la Kenya na mahadhi yaliyotoka kusini mwa Afrika, akaiita twisti ya Kiafrika. Mmojawapo wa nyimbo zake, Helule Helule, ulirekodiwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka 1968 ukapendwa huko. Dansi iliyoshutumiwa kuwa ya kuazima ikawa imerudi Ulaya ikiwa imeazimwa. Kabla ya hapo, wapiga gitaa wa Katanga kama Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, walikuwa wamekwisha kufanya kazi kama hiyo kwa Kiswahili cha Kongo, na sauti zao zilisikika hadi Nairobi.

6.0 Mwanamuziki Mmoja, Hukumu Mbili

Dar es Salaam, mabishano yalifikia kilele kati ya 1968 na 1969. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, dhidi ya sketi fupi, mawigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana. Utekelezaji ulipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Kabla hata ya tarehe hiyo, wanawake walishambuliwa na makundi ya wanaume Kariakoo. Mwishoni mwa mwaka 1969, mamlaka za mkoa zilipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za mji. Andrew Ivaska, aliyechambua barua za wasomaji wa magazeti ya wakati huo, ameonyesha kwamba wananchi hawakuipokea hukumu hiyo kimya. Wapo walioiunga mkono kwa nguvu. Wapo waliouliza kwa nini suti na tai za viongozi hazihesabiwi kuwa za kigeni. Wapo waliokumbusha kwamba soul ni muziki wa watu weusi wa Marekani, wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, na kwamba kuufukuza ni kuwafukuza ndugu.

Hoja hii ya mwisho ilipata jibu la ajabu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Serikali ya Mobutu, kwa siasa yake ya uhalisi, iliibadili Kongo kuwa Zaire mwezi wa Oktoba 1971, ikawataka raia waache majina ya Kikristo, na ikawavua wanaume tai na suti za Kizungu. Kwa ukali wa maneno, uhalisi wa Zaire ulizidi kampeni ya Dar es Salaam. Hata hivyo, mwezi wa Septemba 1974, katika tamasha lililoandaliwa kuambatana na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, James Brown, aliyekuwa alama kubwa kuliko zote ya muziki wa soul, alipanda jukwaani Kinshasa kama mgeni wa heshima, mwana wa Afrika aliyerudi nyumbani.

Serikali mbili jirani zilitumia neno lilelile, utamaduni wa Kiafrika, zikamhukumu mwanamuziki yuleyule kwa namna mbili zinazopingana. Hilo halithibitishi kwamba utamaduni ni neno tupu. Linathibitisha kwamba hukumu haikutoka kwenye muziki. Ilitoka kwenye haja ya kila serikali: moja iliwaogopa vijana wa mjini waliokwepa kilimo na nidhamu ya ujamaa, nyingine ilitafuta sifa mbele ya dunia. Shabiki aliyesikiliza muziki huo chumbani kwake Ilala au Kinshasa hakuulizwa.

7.0 Msondo na Sikinde

Hadithi haiishi kwa marufuku. Nchini Kongo wapenzi wa dansi walikuwa tangu miaka ya 1950 wamegawanyika kati ya African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyosifiwa kwa ulaini na ustaarabu wa gitaa la Nico Kasanda, na OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956 na kuongozwa baadaye na Franco, iliyosifiwa kwa mdundo wa mtaani. Ushabiki huo ulikuwa mkali, lakini ulijua mipaka yake: mwanzoni mwa 1960 Kabasele alipokwenda Brussels kuwatumbuiza wajumbe wa mkutano wa uhuru, aliwachukua pia wanamuziki wa OK Jazz. Mwishoni mwa 1969, vijana wa Kinshasa waliokulia katika roki na soul walianzisha Zaiko Langa Langa, wakaacha tarumbeta na kuyapa magitaa nafasi ya mbele. Walichokisikia kutoka ng'ambo hakikuwafanya Wamarekani. Kiliwapa ujasiri wa kubishana na wakubwa wao katika muziki wa Kongo wenyewe.

Wanamuziki wa mashariki ya Kongo waliifuata njia ya kale kuelekea pwani. Mashuhuri kati yao ni Ramadhani Mtoro Ongala, yaani Remmy, aliyezaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Alipotunga Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuwahimiza watu wajikinge na ukimwi, redio ya taifa haikuupiga. Mashabiki waliusikia kumbini na kwenye kanda. Remmy alifariki tarehe 13 Desemba 2010, lakini kituo cha basi cha Sinza kwa Remmy kimeendelea kuitwa kwa jina lake. Vijana wa Léopoldville waliipa mitaa yao majina ya Marekani wasiyoiona. Wakazi wa Dar es Salaam waliupa mtaa wao jina la jirani yao aliyetoka Maniema.

Katika mji huohuo, bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na baadaye kuitwa JUWATA, na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ziliwagawa wapenzi wa dansi kwa miongo kadhaa. Mwanamuziki kama Muhiddin Maalim Gurumo alipohama upande mmoja kwenda mwingine, kuhama kwake kulijadiliwa kama jambo la ukoo. Lakini jambo la kuzingatia zaidi ni majina. Bendi hizo zilipiga magitaa ya umeme, saksafoni na tarumbeta, zikiwa zimelelewa na rumba ya Kuba na dansi ya Kongo. Mashabiki hawakuzitofautisha kwa majina ya vyombo hivyo. Waliitana watu wa Msondo na watu wa Sikinde, majina mawili ya ngoma za jadi za pwani. Kazi ambayo wizara iliundwa kuifanya mwaka 1962, ya kuunganisha muziki wa sasa na ngoma za wazee, ilifanywa na bendi zenyewe pamoja na watu waliolipa kiingilio mlangoni.

8.0 Hitimisho

Historia hii haidai kwamba kila shabiki alikuwa na hekima, wala kwamba kila filamu na kila wimbo ulikuwa na manufaa. Wasichana wa Léopoldville na wanawake wa Kariakoo walilipa gharama ambayo haiwezi kufutwa kwa kuusifu umma. Yafaa kukumbukwa, hata hivyo, kwamba katika visa vyote viwili waliowashambulia walijiona kuwa walinzi: kundi moja la mtaa wake, jingine la utamaduni wa taifa. Tofauti kati ya kuhukumu starehe na kuhukumu watu ndiyo iliyopotea.

Yaliyoelezwa yanaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kutoka Beni hadi Sikinde kuna umbo moja lililodumu, umbo la pande mbili zinazoshindana na kubishana, ambalo lilipokea tarumbeta, kauboi, twisti na gitaa la umeme bila kuvunjika. La pili ni kwamba wakaguzi wa filamu, mapadri, makamishna na mawaziri walipita, kila mmoja na orodha yake ya vilivyoruhusiwa na vilivyokatazwa, na orodha hizo zilipishana zenyewe kwa zenyewe. Mtafiti wa Kiswahili anayetaka kujua watu wa Kasongo, wa Kinshasa au wa Dar es Salaam walifikiri nini juu ya dunia iliyowafikia kwa picha na santuri hawezi kutosheka na orodha hizo. Lazima ayasikilize mabishano yao wenyewe, hasa yale yanayoitwa ushabiki na kupuuzwa, maana humo ndimo walimokuwa wakitoa hukumu.